Siku Kumi na Tano za Kungoja Mvua

Masomo: 1 Wafalme 18:41–46, Yakobo 5:7–18



Mwezi wa Oktoba ukifika wengi wetu hutazama juu. Majani yamekauka, visima vimepungua, vumbi limejaa njiani. Ndipo siku moja upepo hugeuka, jioni huwa na baridi kidogo, na mtu husema, "Mvua i karibu." Leo nataka tuzungumze juu ya mvua hiyo ya kwanza inayokuja baada ya kiangazi. Lakini tusianze na ya kwetu. Twende kwanza katika nchi ya Biblia, tuone jinsi watu wa kule walivyoingoja na walivyoiomba. Maana walikuwa na desturi moja katika kuomba mvua ambayo inatufundisha jambo tunalolisahau upesi tunapopiga magoti.

Nchi ya Palestina haina mvua za masika na vuli kama zetu. Kuanzia Mei mpaka Septemba mbingu ni kavu, na ni mara chache sana tone moja kuanguka. Umande wa usiku husaidia mizabibu, lakini mvua hakuna. Kisha, mnamo Oktoba au Novemba, mawingu huanza kuja kutoka magharibi, juu ya bahari. Ndiyo sababu Bwana Yesu aliwaambia makutano kwamba wakiona wingu likitokea upande wa magharibi, mara hujua kuwa mvua inakuja (Luka 12:54). Mvua hiyo ya kwanza Waebrania waliiita yore. Baada yake hufuata mvua kubwa za miezi ya baridi, na mwishoni, Machi na Aprili, huja mvua ya mwisho, malkoshi, ambayo hujaza masuke ya ngano. Yakobo alipoandika juu ya mkulima anayengoja mvua ya kwanza na ya mwisho, ndizo hizo alizozitaja.

Kwa hesabu ya mwaka mzima, mji wa Yerusalemu hupata mvua kama milimita 550, karibu sawa na London. Lakini London hunyeshewa kidogo kidogo mwaka mzima, na Yerusalemu hupata fungu lake katika miezi michache tu. Kwa hiyo watu wa Yerusalemu walichimba mabirika katika mwamba, wakayapaka chokaa, wakakusanya maji kutoka katika dari za nyumba zao. Birika lenye ufa lilikuwa msiba wa nyumba. Nabii Yeremia alipowaambia watu kwamba wamejichimbia mabirika yaliyovunjika, kila mama aliyechota maji alielewa maana yake.

Mwaka 1908 mchimbaji wa mambo ya kale aliyeitwa R. A. S. Macalister alipata, mahali paitwapo Gezeri, kijiwe kidogo cha chokaa chenye maandishi ya Kiebrania cha kale. Wataalamu wanakadiria kuwa kiliandikwa katika karne ya kumi kabla ya Kristo, karibu na siku za Sulemani. Kinataja kazi za shamba kwa mwaka mzima, mwezi kwa mwezi: kwanza miezi ya kukusanya mavuno ya matunda, kisha miezi ya kupanda, kisha miezi ya kupanda kwa mwisho, na kuendelea hata mavuno ya shayiri na ngano. Katikati ya kukusanya na kupanda hapo ndipo mvua ya kwanza inapoingia. Kijiwe hakiitaji, lakini kazi yote inaitegemea. Udongo uliopigwa na jua miezi mitano ni kama tofali. Jembe la kukokotwa na ng'ombe halipenyi. Mkulima ana mbegu ndani ya nyumba, watoto wanaiona, na chakula cha mwaka uliopita kinapungua. Lakini hawezi kupanda mpaka ardhi ilainike. Kila siku mvua inayokawia ni siku iliyoondolewa katika maisha ya mmea. Basi mtu asidhani kwamba kungoja mvua kule kulikuwa jambo jepesi.

Sasa tuingie katika somo letu. Katika siku za Mfalme Ahabu, karne ya tisa kabla ya Kristo, mvua ilikatika miaka mitatu. Eliya akapanda juu ya Karmeli, akainama mpaka chini, akaweka uso kati ya magoti, akamtuma mtumishi wake mara saba kutazama upande wa bahari. Mara ya saba kikaonekana kiwingu kidogo, kadiri ya mkono wa mtu. Habari hizo tunazijua. Wahubiri wengi huishia kwenye kile kiwingu, na mara nyingi hatutazami neno linalofuata. Eliya alipopata habari njema aliyoingoja miaka mitatu, alifanya nini kwanza? Alimpelekea Ahabu ujumbe: tengeneza gari lako, ushuke upesi, mvua isije ikakuzuia njiani.

Ahabu! Yule aliyemtafuta Eliya katika kila taifa ili amshike. Ambaye mke wake aliwaua manabii wa Bwana. Kutoka Karmeli kwenda Yezreeli njia hupita katika bonde la mto Kishoni, na wasomaji wa kitabu cha Waamuzi wanajua jinsi mto ule ulivyolichukua jeshi la Sisera. Udongo wa bonde lile ukinywa maji, magurudumu hukwama. Mtu wa Mungu aliona baraka inakuja kwa nchi yote, lakini aliona pia kwamba baraka hiyo hiyo inaweza kumnasa mtu mmoja aliye njiani. Na ingawa mtu huyo ni adui, alimwonya.

Zaidi ya miaka mia saba baadaye alikuwako mtu mwingine wa sala, jina lake Honi. Wayahudi wanamkumbuka kama mchora duara. Habari zake zimo katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi ulioandikwa kama mwaka 200 baada ya Kristo. Mwaka mmoja majira ya mvua yalikaribia kwisha na mvua haijanyesha. Watu wakamwendea Honi, wakamwomba awaombee. Yeye, kabla ya kuomba, aliwaambia waingize ndani majiko ya udongo waliyoyatengeneza kwa Pasaka, yasije yakayeyuka kwa mvua. Kisha akaomba, na mvua haikuja. Ndipo akachora duara chini, akasimama katikati yake, akaomba tena. Yakaanguka matone machache. Akasema hakuomba hivyo. Ikaja mvua ya kishindo. Akasema hakuomba hivyo pia. Mwishowe ikanyesha kwa kiasi, tena ikaendelea mpaka watu wa Yerusalemu wakalazimika kukimbilia mlima wa Hekalu kwa sababu ya maji, wakamwendea tena wakamsihi aombe ikome.

Watu wengi humkumbuka Honi kwa lile duara. Mimi namkumbuka kwa yale majiko. Mtu aliyekuwa karibu kumwomba Mungu maji kwa ajili ya taifa zima alikumbuka jiko la udongo la mama mmoja lililoachwa uani.

Tena mwanahistoria Josephus anatusimulia mwisho wa mtu aitwaye Onia, ambaye wataalamu wengi wanasema ndiye Honi. Mnamo mwaka 65 kabla ya Kristo ndugu wawili, Hyrcanus na Aristobulus, waligombania utawala. Wa kwanza alimzingira wa pili katika Yerusalemu. Askari wakamshika Onia, mtu ambaye sala yake iliwahi kuleta mvua, wakamlazimisha amlaani Aristobulus na watu wake. Yeye akasimama katikati yao, akamwomba Mungu asiwasikilize hawa juu ya wale, wala wale juu ya hawa, kwa kuwa wote ni watu wake. Wakampiga kwa mawe akafa. Mtu aliyezoea kuomba mvua iwanyeshee wote hakuweza kuomba dua ya kumwangamiza jirani.

Sasa nifikie ile desturi niliyoitaja mwanzoni.

Hekalu lilipokuwa bado limesimama, mwezi wa saba wa Wayahudi, uitwao Tishri, ulikuwa mwezi wa watu wengi Yerusalemu. Tarehe 10 ilikuwa Siku ya Upatanisho. Tarehe 15 ilianza Sikukuu ya Vibanda, na ilikwisha tarehe 22. Watu walikuja kutoka mbali, hata kutoka ng'ambo ya mto Frati, kwa maana Wayahudi wengi walikuwa wamekaa Babeli tangu siku za uhamisho. Luka anawataja wenyeji wa Mesopotamia waliokuwako Yerusalemu siku ya Pentekoste. Wakati wa Vibanda makuhani walichota maji katika birika la Siloamu kwa chombo cha dhahabu, wakayamimina madhabahuni, maana majira ya mvua yalikuwa mlangoni. Ilikuwa katika siku ya mwisho ya sikukuu hiyo kwamba Bwana Yesu alisimama akapaza sauti, akawaita wote wenye kiu waje kwake wanywe (Yohana 7:37).

Lakini palikuwa na shida. Mkulima alitaka mvua ije upesi. Msafiri alitaka isije. Mtu aliyetembea kwa miguu pamoja na mke na watoto, mzigo juu ya punda, hakutamani kukutwa na mvua ya kwanza kati ya Yerusalemu na mto Frati. Mabonde makavu yangejaa maji, njia zingekuwa tope, na usiku wa kulala nje ungekuwa wa baridi. Basi mkulima aliomba mvua, na msafiri aliomba jua, wote wawili kwa Mungu mmoja, labda wakiwa wamesimama bega kwa bega katika ua mmoja wa Hekalu.

Walimu wa Kiyahudi wamehifadhi habari kwamba Kuhani Mkuu, alipotoka Patakatifu pa Patakatifu Siku ya Upatanisho, aliomba sala fupi, asije akawatia watu hofu kwa kukawia. Katika sala hiyo aliomba mwaka uwe wa mvua. Tena akaomba kwamba sala za wasafiri wanaoomba mvua isinyeshe zisikubaliwe. Hapo twaona ukweli bila kufichwa. Nchi haiwezi kufa njaa ili msafiri mmoja asiloe. Yako mambo ambayo lazima yaombwe kwa ajili ya wote, hata kama yatamwumiza mmoja.

Hata hivyo hawakuishia hapo. Swali likaulizwa: Je, tuanze lini kuomba mvua? Mishna inatuambia kwamba wengine walisema tarehe 3 ya mwezi unaofuata, Marheshvani. Lakini mwalimu mmoja aliyeitwa Gamalieli alisema: tarehe 7, yaani siku 15 baada ya sikukuu, ili Mwisraeli wa mwisho apate kufika mto Frati.

Ndugu zangu, fikirini maneno hayo. Mwisraeli wa mwisho. Si wa kwanza, mwenye farasi na fedha. Ni yule aliyechelewa kwa sababu mtoto aliugua njiani, au punda alichechemea, au mama yake mzee hawezi kwenda hatua ndefu. Taifa zima lina kiu, udongo ni mgumu, mbegu ziko ndani. Nao wanasema: hatutaomba bado. Tutangoja siku 15, mpaka yule wa mwisho avuke.

Tuelewe vizuri. Hawakumwamuru Mungu azuie mvua. Kama angeileta mapema wangeishukuru. Walichokizuia ni midomo yao wenyewe. Wala hawakusema kwamba mvua si ya lazima. Walijua kuliko sisi kwamba ni ya lazima. Walikataa tu kuifanya haja yao, ingawa ilikuwa ya haki, kuwa mzigo juu ya mtu asiye na pa kujificha.

Hekalu likabomolewa na Warumi mwaka 70 baada ya Kristo. Msafara wa kwenda na kurudi kwa sikukuu ukakoma. Lakini desturi haikukoma. Hata leo Wayahudi walioko katika nchi ya Israeli huanza kuomba mvua katika sala zao za kila siku tarehe 7 ya Marheshvani. Hakuna anayetembea tena kwa miguu kutoka Hekaluni mpaka Frati. Bado wanamngoja.

Je, habari hizi zinatuhusu nini sisi wa Kenya?

Zinatuhusu sana. Mwezi wa Oktoba mkulima wa Machakos na wa Kitui anaomba mvua kwa machozi, kwa sababu mvua za vuli ndizo anazozitegemea zaidi kwa mahindi yake, kunde na mbaazi. Mwezi huo huo mkulima wa Trans Nzoia ana mahindi yaliyokomaa shambani, naye anaomba jua apate kuvuna na kukausha, kabla punje hazijaota kuvu. Wote wawili ni wa Kanisa moja. Jumapili moja, kitabu kimoja cha sala, na maombi mawili yanayopingana. Je, mmoja ni mwenye dhambi? La. Lakini kila mmoja ajue kwamba mwenziwe yupo.

Tena tukumbuke yaliyotupata si zamani. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika sehemu za kaskazini na mashariki ya nchi yetu. Mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Makanisa yaliomba mvua, na ilikuwa haki kuomba. Kisha vuli ya mwaka 2023 ikaja kwa nguvu nyingi. Mto Tana ulifurika, barabara za kwenda kaskazini zilikatika, nyumba zikachukuliwa na maji, na watu zaidi ya mia moja wakafa. Mwenye shamba mlimani alishukuru. Aliyejenga kibanda kando ya mto alilia. Mvua ilikuwa moja.

Wafugaji wanajua jambo lingine ambalo watu wa mjini hawalijui. Mbuzi aliyekonda kwa ukame hawezi kustahimili baridi. Aliishi kiangazi chote kwa shida, na usiku wa mvua ya kwanza ndio unaomwua, asubuhi kabla majani hayajaota. Mtu hungoja mvua miezi mingi, na siku inapofika anahesabu mizoga. Tunapoimba shukrani kanisani kwa sababu ya mvua, mtu huyo naye yuko mahali fulani, na haki yake ni kwamba tumkumbuke.

Sisemi tuache kuomba mvua. Eliya aliomba, na Yakobo ametuambia kwamba alikuwa mwanadamu mwenye tabia moja na sisi. Mungu mwenyewe huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Nasema tuombe kama Eliya alivyoomba, jicho moja likitazama wingu na jingine likimtazama aliye njiani. Tuombe kama Honi, majiko ya jirani yakiwa yameingizwa ndani kwanza.

Siku zetu 15 ni zipi? Naona ni zile wiki za Septemba, kabla mawingu hayajakusanyika. Je, katika mtaa wa kanisa lako yuko mjane ambaye paa lake linavuja? Mabati mawili na misumari ni sala. Je, uko mfereji uliozibwa na takataka, na wanaokaa chini yake ni maskini? Vijana wenye majembe na machepe wakiuzibua Jumamosi moja, wameomba mvua kwa njia iliyo bora. Je, yuko jirani aliyekula mbegu zake kwa sababu ya njaa? Mpimie kibaba katika zako, ili mvua ikija isimkute mikono mitupu. Je, yuko mtu aliyejenga mahali ambapo maji hupita? Umwonye sasa, hata kama mmekosana, kama Eliya alivyomwonya Ahabu. Tukiisha kuyafanya hayo, tupige magoti tuombe kwa ujasiri, kwa kuwa hatuombi baraka itakayompita jirani yetu juu ya kichwa.

Maana hata wokovu wetu ulikuja kwa namna hiyo. Petro anatuambia kwamba Bwana hakawii kuitimiza ahadi yake, bali anavumilia, kwa sababu hapendi mtu yeyote apotee (2 Petro 3:9). Kanisa limeomba karne nyingi kwamba Bwana arudi, na yeye bado anangoja. Kwa nini? Kwa sababu yuko wa mwisho ambaye bado yu njiani, na Mungu anataka avuke mto.

Tuombe. Ee Bwana Mungu, uliyeumba kiangazi na majira ya baridi, tupe mvua kwa wakati wake na kwa kiasi chake. Uikumbuke mbegu iliyo ndani, na mahindi yaliyo shambani. Uwakumbuke wasafiri, na wakaao mabondeni, na wafugaji walio nje usiku. Utupe mioyo ya kumngojea aliye wa mwisho, kama wewe ulivyotungojea sisi. Kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.